Aliyemkamata ni serikali, aliyempasua ni serikali: familia ifanye nini na ripoti ya maiti?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wetu wa miaka 27 alikamatwa akiwa mzima, siku ya tatu tukaambiwa amefariki mahabusu. Maiti ilipasuliwa na daktari wa serikali bila sisi kuitwa. Karatasi tuliyopewa ina mstari mmoja tu: "moyo ulisimama". Mwili bado uko mochari. Polisi ni wa serikali, daktari ni wa serikali, mochari ni ya serikali. Tumwulize nani, na tuulize nini? Au tuzike tu, tumwachie Mungu?

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na lisilongoja. Msizike bado, na msikubali mwili upigwe dawa ya kuhifadhi maiti. Leo hii mwandikieni msimamizi wa mochari kwamba mwili ubaki kwenye jokofu, kiasi cha nyuzi joto 4, mpaka familia itoe kibali kwa maandishi. Ikionekana shauri litachukua wiki kadhaa, ombeni ugandishwe. Kugandisha huharibu kidogo nyama zitakazotazamwa kwa hadubini, lakini kuoza huharibu zaidi. Dawa ya kuhifadhi ni adui mkubwa wa uchunguzi: huingizwa kwa mishipa na kuisukuma damu nje, huwa na formalini (kemikali ya kuzuia nyama isioze) na mara nyingi alkoholi, hivyo kipimo cha pombe au sumu baada ya hapo hakiaminiki. Pia chuma cha kunyonyea maji tumboni hutoboa viungo na kuacha matundu ambayo daktari wa pili atabaki kubishana nayo. Kama mwili umeshapigwa dawa, takeni jina la dawa hiyo na sampuli yake kidogo kwenye chupa safi, ili maabara ijue ni kipi kilitoka kwenye dawa na kipi kilikuwa mwilini.

Sasa ule mstari mmoja. "Moyo ulisimama" si chanzo cha kifo. Kila anayekufa, moyo wake husimama. Hiyo ni maana ya kufa, haielezi kwa nini amekufa. Cheti cha kitabibu cha chanzo cha kifo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kina sehemu mbili. Ya kwanza hushuka ngazi kwa ngazi kutoka kilichomwua moja kwa moja hadi kilichoanzisha yote, na ya pili hutaja maradhi mengine yaliyochangia. Kwa mfano: kuvuja damu tumboni, kwa sababu ya kupasuka bandama, kwa sababu ya kipigo cha kitu butu. Ile ngazi ya chini kabisa ndiyo yenye kesi. Daktari akiishia ngazi ya juu, hata kama hakuandika uongo, ameacha kuandika lile alilotakiwa kulisema.

Tena chanzo cha kifo ni kimoja, na namna ya kifo ni jambo lingine. Madaktari wengi wa fani hii ya kupasua na kuchunguza maiti hutumia namna tano: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au haijabainika. "Kuuawa na mtu mwingine" kwa lugha ya daktari maana yake tendo la mtu lilichangia kifo. Kama tendo hilo ni jinai, hiyo ni kazi ya mahakama. Nawaambia haya kwa sababu mtawasikia maofisa wakisema daktari hawezi kuandika hivyo kabla ya hukumu. Anaweza.

Mnauliza mumwulize nani. Jibu fupi ni serikali yenyewe, kwa sababu mtu akifia mikononi mwake, mzigo wa maelezo uko kwake. Itifaki ya Minnesota, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vyenye utata, uliotolewa mwaka 1991 na kuandikwa upya mwaka 2016, unasema wazi kwamba kifo cha mahabusu huchukuliwa kwa dhana kwamba dola inahusika mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Uchunguzi huo unatakiwa uwe wa haraka, wa kina, wa uwazi, na ufanywe na watu wasiowategemea wanaotuhumiwa. Familia ina haki ya kupewa taarifa, na ya kuomba daktari wake awepo upasuaji unapofanyika. Kutoitwa kwenu si jambo dogo la utaratibu. Liandikeni kwenye barua yenu kama lalamiko la kwanza.

Lakini nisingependa muende pale kuomba daktari aaminike au kumtukana kwamba amehongwa. Hayo hayathibitishiki mezani. Ombeni vitu. Ripoti ya maiti ni nzuri kwa kadiri ambayo daktari mwingine, asiyemjua wa kwanza wala asiyewajua ninyi, anaweza kuchukua picha zile, vipande vile vya nyama na chupa zile za sampuli, akaifanya kazi upya na kuona kama anafika palepale. Kama hawezi, mmepewa maoni ya mtu na saini yake.

Tazameni kilichotokea London tarehe 1 Aprili 2009. Muuza magazeti aliyekuwa akipita kwenye maandamano alisukumwa na polisi, akaanguka, akafa muda mfupi baadaye. Daktari wa kwanza alisema ni ugonjwa wa moyo. Tumboni alikuta karibu lita 3 za majimaji yenye damu, lakini hakuyahifadhi. Madaktari waliofuata walisema ni kuvuja damu ndani. Tangu siku hiyo ubishi wote ukawa juu ya lita zile 3: ilikuwa damu tupu, au maji yaliyochanganyika na damu kidogo? Hakuna aliyeweza kupima, kwa sababu hakukuwa na cha kupima. Baraza la uchunguzi wa kifo liliamua mwaka 2011 kwamba aliuawa kinyume cha sheria, lakini mwaka 2012 mahakama ya jinai ilimwachia yule polisi. Mililita 20 zilizowekwa kwenye chupa na kuandikwa namba zingepunguza sana ubishi ule.

Kwa hiyo barua yenu iombe haya: ripoti kamili ya upasuaji, si cheti peke yake, picha zote, za kabla na baada ya kuoshwa mwili, michoro ya mwili yenye alama za majeraha, maandishi ya mkono ya daktari, picha za eksirei kama zilipigwa, orodha ya kila sampuli iliyochukuliwa, iko wapi na nani aliipokea, na fomu ya makabidhiano ya vielelezo. Upande wa polisi, ombeni kitabu cha mahabusu, taarifa ya kukamatwa, rekodi ya matibabu tangu alipoingia, na picha za kamera za kituo. Hizo za kamera ziombwe kabla ya kitu kingine chochote. Mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku au wiki chache, halafu mtajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hazipo.

Ripoti kamili ikifika, mpeni daktari mnayemwamini aisome, lakini hata ninyi mnaweza kuipima. Anzeni na shingo. Kwa kifo cha mahabusu, shingo hupasuliwa mwishoni: ubongo na viungo vya kifua hutolewa kwanza ili damu ishuke na shingo ikauke, ndipo misuli ifunuliwe tabaka baada ya tabaka, kila msuli ukitazamwa pande zote mbili. Ukianza na shingo ikiwa bado imejaa damu, kisu chenyewe huvujisha damu kwenye nyama na kutengeneza kitu kinachofanana na jeraha. Kinyume chake pia hutokea: jeraha la kweli hukosa kuonekana kwa sababu hakuna aliyefunua. Ripoti nzuri hutaja misuli hiyo, mfupa wa hyoidi ulio juu ya koo, pembe za gegedu la koo, na madoa madogo ya damu machoni na ndani ya kope. Ripoti mbovu huandika: "Shingo: kawaida." Neno hilo moja linaweza kumaanisha imepasuliwa na haina kitu, au haikuguswa kabisa. Na mkiambiwa "mfupa wa koo haukuvunjika, basi hakunyongwa", msikubali. Kwa kijana wa umri wa mdogo wenu mfupa ule mara nyingi bado una maungio laini; hujikunja bila kuvunjika.

Kisha mgongo, makalio, mapaja, mikono na nyayo. Kipigo cha rungu au cha teke huweza kuvilisha damu ndani kwenye nyama huku ngozi ikiwa safi. Ili kuiona lazima ngozi ichanjwe na kufunuliwa sehemu hizo, kazi inayoongeza saa nzima au zaidi, na ndiyo inayorukwa zaidi pale daktari mmoja ana maiti sita zinazomsubiri. Mavilio mengine hujitokeza vizuri zaidi baada ya siku moja au mbili, hivyo kuukagua mwili mara ya pili si kurudia kazi bure. Viganja na mikono ya mbele pia vitazamwe, kwa maana mtu anayejikinga huumia hapo, na vifundo vya mikono vitazamwe alama za pingu.

Hapa niseme jambo ambalo familia nyingi hazipendi kulisikia. Weusi au wekundu mpana mgongoni mwa maiti iliyolazwa chali kwa kawaida ni damu iliyotulia chini kwa uzito wake, si kipigo. Hutofautishwa kwa kuchanja: ya kutulia imo ndani ya mishipa na huoshwa kwa maji, ya kuvilia imeshika kwenye nyama na haitoki. Mkikimbilia kusema kila weusi ni rungu, mtavunjiwa hoja ya kweli mliyo nayo. Na kijana wa miaka 27 anaweza kweli kufa ghafla kwa maradhi ya msuli wa moyo, kifafa, selimundu, au kisukari. Ila hata hapo serikali haijavuka. Mwenye kisukari akinyimwa insulini kwa siku mbili, au mwenye kifafa akinyimwa dawa zake, atakufa bila mchubuko hata mmoja, na bado aliyemfungia ndiye atakayeulizwa. Ndiyo maana rekodi ya matibabu ya kituo ina uzito sawa na picha za mwili.

Kuhusu sumu na dawa, angalieni damu ilitolewa wapi. Inatakiwa damu ya mshipa wa paja, kwa sababu baada ya kifo dawa huvuja kutoka tumboni, kwenye ini na mapafu na kuingia damu ya moyoni, kipimo kikapanda bila sababu. Chupa iwe na floridi ya sodiamu, kwani bakteria huweza kutengeneza pombe au kuila chupani. Maji ya jicho, mkojo, kipande cha ini na yaliyomo tumboni vichukuliwe pia. Vipande vya kutazamwa kwa hadubini hulowekwa kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara kumi ya nyama; nyama iliyosongwa kwenye kikopo kidogo huoza katikati huku nje ikionekana imeiva vizuri. Lebo ya kila chombo iwe na jina, namba ya mochari, sehemu ilikotoka sampuli, tarehe, saa, na jina la aliyechukua. Chupa iliyoandikwa "damu" peke yake mahakamani haina thamani.

Mwisho wa ripoti, maelezo ya polisi yalinganishwe na majeraha. Nairobi, Juni 2025, polisi walieleza kwamba mwanablogu aliyefia kituoni alijigonga kichwa ukutani. Timu ya wanapatholojia, yaani madaktari wa kuchunguza maiti, ilikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na majeraha mengi mwilini, ikasema hayo hayalingani na mtu kujigonga mwenyewe: anayejigonga ukutani huumia mbele, si pande zote. Maelezo ya kwanza hayakusimama tena. Daktari ambaye angeandika "majeraha kadhaa kichwani" bila kutaja upande, urefu kwa sentimita na rangi, angekuwa amewanyima watu ulinganisho huo. Jihadharini pia na ripoti inayosema mtu alikufa kwa "wazimu wa ghafla" wakati alikuwa amekandamizwa chini na watu. Chama cha kitaifa cha madaktari wa fani hii Marekani kilikataa mwaka 2023 kutumia maelezo ya aina hiyo kama chanzo cha kifo.

Upasuaji wa pili uombeni, ila mjue mipaka yake. Viungo vimeshakatwa, damu imeshamwagika, na baadhi ya alama sasa ni za kisu cha kwanza. Daktari wa pili akija bila picha na maandishi ya wa kwanza atafanya nusu ya kazi. Kwa hiyo barua ya kuomba picha itangulie, na ikiwezekana daktari wa kwanza awepo ili aonyeshe nini alikikata yeye. Mara nyingi mgongo na miguu havikuguswa mara ya kwanza, na hapo daktari wa pili huwa na nafasi nzuri kabisa.

Mmeuliza pia, kwa maneno yenu, inakuwaje serikali ijichunguze. Hilo ni swali la mfumo, na lina majibu yanayojulikana. Taasisi ya kitaifa ya sayansi ya Marekani ilipendekeza mwaka 2009 kwamba huduma za sayansi ya jinai zitoke chini ya himaya ya polisi na waendesha mashtaka. Sababu yake ilionekana katika wilaya ya San Joaquin, California, ambako mkuu wa polisi wa wilaya ndiye aliyekuwa pia afisa wa vifo, yaani mwenye kuamua namna ya kifo. Mwaka 2017 madaktari wake wawili walijiuzulu wakilalamika kwamba aliingilia maamuzi yao, na mwaka uliofuata kazi hizo mbili zikatenganishwa. Kujitenga na polisi hakutoshi, lakini. Ontario, Kanada, daktari mmoja aliyekuwa anaheshimika mno alikuwa akitoa maoni ya vifo vya watoto kwa miaka bila mtu wa kumkagua. Kesi zake 45 zilipopitiwa upya, 20 zilikutwa na kasoro, na mtu mmoja alikuwa amekaa gerezani takriban miaka 12 kwa mauaji ambayo hayakuwahi kutokea. Vipande vya hadubini ambavyo mawakili wa mfungwa huyo walivisaka vilipatikana baadaye ofisini kwa daktari huyohuyo. Ripoti ya tume, mwaka 2008, ndiyo iliyoleta usimamizi wa juu, daftari la madaktari wanaoruhusiwa, na desturi ya daktari wa pili kupitia ripoti ya kesi nzito kabla haijatoka.

Kuna na idadi. Kiwango kinachofuatwa na chama kile cha madaktari wa fani hii Marekani ni daktari mmoja asizidi upasuaji 250 kwa mwaka, na akivuka 325 ofisi inaweza kukosa ithibati. Ripoti 9 kati ya 10 zitoke ndani ya siku 90. Mbunge au diwani wenu akitaka swali la kuuliza wizara, muulizeni aulize haya matatu: madaktari wangapi wa fani hii wameajiriwa, kila mmoja alipasua maiti ngapi mwaka uliopita, na ripoti ngapi zimepita siku 90. Ofisi isiyoweza kujibu haijihesabu, na isiyojihesabu haiwezi kujua inakosea wapi. Jambo hili linagusa hata wasio na ndugu mahabusu, maana wizara ya afya hupanga bajeti kwa kuhesabu vyeti hivyohivyo. Vifo vya kipigo vikiandikwa "moyo", takwimu zitaonyesha maradhi ya moyo kwa vijana na kuficha ukatili. Uingereza, daktari Harold Shipman aliua wagonjwa wake kwa miaka huku akisaini vyeti vyao mwenyewe. Uchunguzi wa baadaye ulihesabu 215. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, England na Wales, cheti cha daktari anayetibu hakitoki bila daktari mwingine asiyehusika kukipitia, kama kifo hakikupelekwa kwa afisa wa vifo.

Barua yenu inaweza kusomeka hivi:

"Sisi, familia ya marehemu (jina, namba ya mochari), tunaomba kwa mujibu wa haki ya kupata taarifa tupewe nakala za vitu vilivyoorodheshwa hapa chini. Tunaomba pia kwamba sampuli, vipande vya hadubini, picha na rekodi zote zisiharibiwe wala kutupwa mpaka uchunguzi na kesi zozote zitakapomalizika. Tunaomba jibu kwa maandishi, na kama ombi lolote litakataliwa, tutajiwe kifungu cha sheria kilichotumika na jina la ofisa aliyeamua."

Ipelekeni nakala kwa mkurugenzi wa hospitali, mkuu wa kituo, wizara ya afya, ofisi ya mashtaka, na chombo cha kusimamia polisi au tume ya haki za binadamu kama ipo. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na mbaki na yenu. Kukataliwa kwa maandishi kunawasaidia: ndiko kunakofungua njia ya rufaa na ya kwenda mahakamani kuomba uchunguzi wa wazi wa kifo. Kukataliwa kwa mdomo hakuna kitu. Ofisa akisema kwa mdomo, rudini nyumbani mwandike: "Leo tarehe fulani, saa fulani, ulitueleza kwamba…" mkampelekee.

Na msikate tamaa jibu likichelewa. Maryland, Marekani, vifo 87 vya watu waliokamatwa na kubanwa na maofisa kati ya 2003 na 2019 vilipitiwa upya na madaktari wa nje, watatu kwa kila faili. Mei 2025 ilitangazwa kwamba katika vifo 36 madaktari wote watatu walikubaliana kwamba vilistahili kuitwa kuuawa na mtu mwingine, ilhali ofisi ya mwanzo haikuvipa jina hilo. Baadhi ya faili zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 15. Ziliweza kusomwa kwa sababu picha na maandishi yalikuwepo.

Muda wa kutunza ndio unaowabana. Vipande vya hadubini vilivyogandishwa kwenye nta hukaa miongo. Lakini chupa za damu na nyama iliyo kwenye formalini, maabara nyingi huzitupa baada ya miezi sita hadi mwaka kama hakuna barua ya kuzuia. Kabla ya kuchukua mwili, ulizeni kwa maandishi kama ubongo, moyo au kiungo kingine kizima kimebaki maabara, kwa sababu gani, na kitarudi lini. Hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ilikutwa imetunza viungo vya watoto bila wazazi kujua, na ripoti yake ya mwaka 2001 ndiyo iliyochochea sheria mpya ya viungo vya binadamu mwaka 2004. Siku mtakayozika, zikeni ardhini na msichome, kaburi liwe la mtu mmoja, muandike namba yake na mpige picha mahali lilipo, ili mahakama ikiamuru mwili ufukuliwe pasiwe na ubishi kaburi ni lipi.